Mpigapicha wa Usiku: Jean Depara, Wabill wa Léopoldville na Lugha za Vijana wa Mjini

Katika Kiswahili cha wasanii wa Tanzania, andagraundi ni msanii ambaye bado hajatoka. Kutoka, kwa maana hiyo, ni kusikika redioni, kuitwa jukwaani, kutajwa kwa jina na watu ambao hawajapata kumwona. Neno lenyewe limetoholewa kutoka Kiingereza, lakini maana yake imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kwa vijana wa London wa mwaka 1976 na 1977, waliopiga muziki ulioitwa panki, kukaa chini ya ardhi kulikuwa ni uamuzi na tena fahari. Kwa kijana wa Moshi au wa Temeke, chini ni mahali pa kungojea zamu. Neno panki nalo liliingia nchini kwa mlango wa kinyozi: lilikuwa jina la mtindo wa kunyoa, na wengi walionyolewa panki hawakupata kuusikia muziki uliolizaa jina hilo.

Tofauti hiyo ya maana si jambo dogo kwa wanaisimujamii. Inaonyesha kwamba utamaduni wa vijana wanaojitenga na wakubwa wao hauwezi kuchunguzwa kwa kipimo kimoja kilichokatwa Ulaya. Kwa sababu hiyo mada ya mhadhara huu haikutafutwa London. Imetafutwa katika jiji lililokuwa likiitwa Léopoldville, ambalo tangu mwaka 1966 linaitwa Kinshasa, miaka ishirini kabla ya panki, na mhusika wake mkuu ni mpigapicha Jean Depara. Léopoldville ni mji wa Kilingala, wala si wa Kiswahili. Lakini vijana aliowapiga picha walikuwa na msimu wao wa lugha, na msimu huo ulipovuka nchi na kufika Bukavu na Lubumbashi ulivaa sarufi ya Kiswahili. Hapo ndipo picha zake zinapoingia katika taaluma za Kiswahili.

Kamera ya harusi

Jean Depara alizaliwa mwaka 1928 huko Kiboklolo, Angola. Mwaka 1950, alipokuwa akioa, alinunua kamera ndogo aina ya Adox ili aihifadhi harusi yake. Mwaka uliofuata alikuwa Léopoldville. Upigaji picha haukuwa kazi yake peke yake hapo mwanzo. Alitengeneza baiskeli, akatengeneza saa na kamera za watu, akauza vyuma chakavu. Inafaa kulikumbuka jambo hili, kwa maana wahakiki wa Ulaya waliomgundua baadaye walizoea kumtaja kama msanii aliyezaliwa na jicho lake tayari. Alikuwa fundi. Aliijua kamera kwanza kama chombo kinachoharibika na kutengenezeka.

Inaelezwa kuwa mwaka 1954 Franco, yaani François Luambo Makiadi, alimtaka awe mpigapicha wake rasmi. Franco alikuwa amezaliwa mwaka 1938, kwa hiyo alikuwa bado kijana mdogo sana, ingawa tayari alikuwa akirekodi. Bendi ya OK Jazz iliundwa mwaka 1956 na kubeba jina la OK Bar, moja ya baa ambazo zilikuwa makazi ya pili ya Depara. Kwa muziki huo milango ya usiku ilimfungukia. Alifungua studio iliyoitwa Jean Whisky Depara, na jina hilo la kati halihitaji ufafanuzi. Kati ya mwaka 1975 na 1989 alikuwa mpigapicha rasmi wa bunge la Zaire. Alifariki dunia mwaka 1997. Umaarufu wake wa kimataifa ulikuja zaidi baada ya hapo. Picha zake zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyofanyika Paris mwaka 2015.

Sehemu ya maisha yake inayohusika hapa ni ile ya takriban miaka kumi, tangu katikati ya miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960. Picha za muda huo huoneshwa zikiwa na tarehe za makadirio, na nyingi hazina anwani wala majina ya watu. Zinaonyesha wanawake wamekaa mezani na chupa za bia, wachezaji dansi wamekamatwa katikati ya hatua, wajenga misuli wakitunisha vifua, na vijana waliovaa kofia pana na skafu shingoni. Hao wa mwisho ndio Wabill.

Wabill

Jina hilo linatokana na Buffalo Bill, Mmarekani aliyefanywa shujaa wa sinema na vitabu vya picha. Filamu za makauboi zilioneshwa katika mitaa ya Waafrika ya Léopoldville, na mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wa mitaa hiyo walikuwa wameunda makundi yenye mavazi, majina na mipaka yake. Mtaa uliweza kuitwa Texas. Mkuu wa kundi aliweza kujiita mfalme wa upande wake. Mwanahistoria Didier Gondola, katika kitabu chake cha mwaka 2016, ameeleza kwa kirefu jinsi vijana hao walivyoutumia ukauboi kujenga dhana ya uanaume katika jiji ambamo serikali ya kikoloni iliwaamulia wazazi wao karibu kila jambo: wapi pa kulala, saa ngapi wawe wametoka mitaa ya Wazungu, sinema gani watazame. Gondola hafichi ukatili wao, hasa dhidi ya wasichana. Mtu anayezitazama picha za Depara na kuona urembo peke yake amekwisha kudanganyika.

Palikuwa pia na padri mmoja Mbelgiji wa shirika la Scheut, Joseph de Laet, aliyeishi karibu na vijana hao, akajifunza maneno yao, akaitwa Père Buffalo. Kisa chake kingetosha mhadhara mzima. Inatosha kusema kwamba mmisionari aliyetaka kuwafikia Wabill hakuona njia nyingine ila kusema kama wao, naye alitambua jambo ambalo wataalamu wa lugha walichelewa kulitambua.

Lugha yenyewe iliitwa Hindubill, au Indoubil. Katika jina hilo zimeunganishwa sinema mbili: ya Kihindi na ya kauboi. Ilisimama juu ya sarufi ya Kilingala, huku msamiati ukiokotwa kutoka Kifaransa, Kiingereza na lugha za Kongo, maneno mengine yakigeuzwa maana au kupinduliwa silabi. Ilikusudiwa isieleweke na wakubwa, askari na walimu.

Kisha ikahama. Mwaka 1988 Didier Goyvaerts alichapisha uchunguzi juu ya Indoubil ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kilichomshughulisha ni kwamba lugha hiyo, yenye jina lile lile, ilikuwa na uti wa mgongo wa Kiswahili. Viambishi vya ngeli vilikuwa vya Kiswahili, viambishi vya vitenzi vilikuwa vya Kiswahili, na Kilingala kilikuwa sasa kimoja tu kati ya lugha zinazokopesha maneno. Lubumbashi nako palikuwa na Kindubile, nacho cha Kiswahili. Baadaye Goma kulizuka Yabacrâne, ambayo Nico Nassenstein ameieleza katika maandishi yake.

Hapa pana fumbo linalostahili kutuliwa. Ikiwa sarufi haikusafiri, na ikiwa sehemu kubwa ya msamiati ilibadilika njiani, ni kitu gani hasa kilichotoka Léopoldville hadi Bukavu? Jibu la haraka ni kwamba lilisafiri jina tu. Jibu hilo ni jepesi mno. Roland Kießling na Maarten Mous, katika makala yao ya mwaka 2004 kuhusu lugha za vijana wa miji ya Afrika, walisisitiza kuwa lugha hizi ni tendo la kujitambulisha kabla ya kuwa chombo cha kupashana habari. Ellen Hurst, aliyeichunguza Tsotsitaal ya Cape Town, alikwenda mbali zaidi: kwake mtindo wa kusema hautenganishwi na mtindo wa kuvaa, kutembea na kusimama. Ikiwa hivyo ndivyo, kilichosafiri kutoka magharibi hadi mashariki ya Kongo ni namna ya kusimama. Sarufi ilipatikana huko huko, kama msafiri apatavyo maji mahali anapolala.

Na namna ya kusimama haiandikwi katika kamusi. Inapigwa picha.

Taa na giza

Hoja hii inamfanya Depara awe shahidi wa kiisimu, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulikusudia. Lakini kila shahidi huhojiwa. Alipiga picha usiku, kwa taa ya kamera. Taa hiyo huangaza kilicho karibu na kukiacha cha nyuma kimezama gizani. Mtu anatoka mweupe na wazi, vifungo vya shati vinahesabika; ukuta uliokuwa nyuma yake, maandishi ya baa, jina la mtaa, vyote vimemezwa. Ni picha zinazomtukuza mtu na kumnyang'anya mahali pake. Kwa mtafiti wa mavazi ni hazina. Kwa mtafiti wa maandishi ya mjini, anayetaka kujua ubao wa baa uliandikwa Kilingala au Kifaransa, nyingi hazina neno.

Jambo la pili ni biashara. Picha za usiku zilikuwa bidhaa. Malick Sidibé wa Bamako, aliyefanya kazi ya namna hiyo katika miaka ya 1960, alikuwa akipiga picha katika karamu za vijana mwisho wa juma, akazisafisha usiku uleule, kisha akazitundika nje ya studio yake ya Bagadadji ili wenyewe waje kujitafuta na kununua. Katika utaratibu wa namna hiyo mpigwa picha ndiye mnunuzi. Anasimama anavyotaka aonekane. Ricardo Rangel wa Lourenço Marques, aliyepiga picha za wanawake na mabaharia wa Rua Araújo, alikuwa mwandishi wa habari na alitazama kwa jicho jingine. Picha zake zina uchovu wa usiku wa manane, jambo ambalo mteja asingelilipia. Wapo wanaomweka Rangel juu kwa sababu hiyo. Rai hiyo haina uzito kwa mtafiti wa lugha za vijana, ambaye anatafuta hasa kile ambacho kijana alitaka kionekane.

London inatoa mfano wa tatu. Don Letts, kijana aliyezaliwa London na wazazi kutoka Jamaika, alikuwa akipiga santuri za rege katika klabu ya Roxy, na mwaka 1977 aliwapiga filamu Wapanki kwa kamera ndogo ya mkononi. Alikuwa ndani ya tukio wala si mgeni, kama Depara alivyokuwa ndani ya OK Bar. Ila filamu ya Letts ina sauti. Picha ya Depara haina. Kijana mwenye skafu amefungua kinywa, dhahiri anasema jambo, na jambo hilo limepotea.

Wahuni wa Dar es Salaam

Ni vema kuuliza kwa nini upande wa Tanzania picha za namna hii si nyingi. Sababu moja ni siasa ya wakati ule. Mwezi Oktoba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Mwezi Novemba mwaka huo wa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku mkoani Pwani, Dar es Salaam ikiwamo. Andrew Ivaska ameufuatilia mjadala mkali wa barua za wasomaji uliojaa magazetini. Kongo nayo ilikuja kuwa na marufuku zake: katika siasa ya Mobutu ya uhalisi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, suti na tai viliondolewa na abakosti ikachukua nafasi. Lakini Depara alikuwa amekwisha kupiga.

Matokeo yake ni nyaraka za aina mbili. Sketi fupi ya Kinshasa imehifadhiwa katika picha iliyolipiwa na aliyeivaa. Ya Dar es Salaam imehifadhiwa zaidi katika maneno ya waliomshitaki aliyeivaa. Na maneno hayo yana historia. Mhuni, katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ni mtu wa kutangatanga, asiye na makao, na pia asiyeoa. Utawala wa kikoloni ukalifanya neno la kipolisi la kuwaondolea mjini vijana wasio na kazi. Serikali ya uhuru ikalirithi. Leo vijana wa Kitanzania huitana wahuni kwa mapenzi. Safari hiyo ya neno moja, kutoka shitaka hadi salamu, ni sawa na ile ya Wabill waliolichukua jina la kauboi aliyeletwa na sinema ya wakoloni wakalifanya lao.

Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza jijini Dar es Salaam kwa kuimba rapu kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Kimarekani. Kwanza Unit ilifuata mwaka 1993. Vijana hao nao walipigwa picha, aghalabu na rafiki zao. Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha uchunguzi wao wa Lugha ya Mitaani, pamoja na orodha ndefu ya msamiati. Orodha ipo na picha zipo, lakini hazijawahi kukutanishwa kwa utaratibu, na mahali pa kuanzia si lazima pawe Dar es Salaam.

Holili

Holili ni kituo cha mpakani katika wilaya ya Rombo, kwenye barabara itokayo Himo kwenda Taveta na Voi. Mpaka huo ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Tangu mwaka 2016 upo utaratibu wa kituo kimoja, ambapo msafiri hukamilisha shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Maneno hayakupata kuhitaji utaratibu huo. Upande mmoja kuna mshikaji na daladala; upande wa pili kuna msee na matatu. Upande mmoja pesa ni mkwanja, wa pili ni chapaa. Kijana wa bodaboda anayevusha abiria anayajua yote sita na mengine mia, na huchagua kwa kumtazama abiria. Hata jina la chombo chake lilizaliwa mpakani, kule Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka boda hadi boda.

Wataalamu wa Sheng wamezoea kuianzia Eastlands ya Nairobi, na wa Lugha ya Mitaani huanzia Dar es Salaam, kana kwamba lugha hizo ni taa mbili zinazofifia kadiri mtu anavyokwenda mbali na jiji. Kwa mtazamo huo Holili ni gizani. Kisa cha Indoubil kinapendekeza kinyume chake: badiliko kubwa halikutokea Léopoldville ilikozaliwa, lilitokea ilikofika. Bukavu ni mji wa mpakani, Goma vilevile. Hapo ndipo msimu wa vijana ulipolazimika kuamua ni sarufi ipi itakayoubeba. Huko Holili, ambako Kichaga cha Rombo kinakutana na Kitaveta na Kikamba, na Kiswahili cha nchi mbili kinazungumzwa kaunta moja, uamuzi wa namna hiyo unafanyika kila siku, na unafanyika pamoja na koti, kofia, mtindo wa nywele na maandishi ya nyuma ya pikipiki.

Picha za maamuzi hayo zipo, lakini zimo katika simu. Studio za filamu za zamani ziliwekeza katika kutunza. Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ilitunza kumbukumbu za vizazi kadhaa. Negativu ya Depara ilikaa ndani ya sanduku hadi mtu alipokuja kuifungua. Picha ya simu hufa pamoja na simu, au hubaki bila jina katika mlolongo wa picha elfu.

Njia ya kufanya kazi hii ilikwisha oneshwa Lubumbashi. Katika miaka ya 1973 na 1974 Johannes Fabian aliketi na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, wakatazama michoro yake ya historia ya nchi mmoja baada ya mwingine, na Tshibumba akaieleza kwa Kiswahili cha Shaba huku kinasa sauti kikizunguka. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo, cha mwaka 1996, kinathaminiwa na wanahistoria wa sanaa kwa michoro. Wanafunzi wa Kiswahili wangepaswa kukithamini kwa maneno, kwa sababu ni nadra kupata Kiswahili cha Kongo kikieleza kitu ambacho msikilizaji anakiona mbele yake, huku msemaji akiwa bwana wa anachokieleza.

Waliokuwa vijana wa Indoubil huko Bukavu, Goyvaerts alipoandika, sasa wana miaka hamsini na zaidi. Walionyolewa panki Moshi hawako mbali nao. Albamu zao zipo makabatini. Maswali ya kuuliza picha ikiwa mezani ni ya kawaida kabisa: vazi hili mliliitaje, na kabla yake liliitwaje? Huyu aliyesimama pembeni mlimwitaje, na mama yake alimwitaje? Aliyepiga picha aliwaambia msimame hivi, au mlisimama wenyewe? Na huyu wa katikati, aliyefungua kinywa, alikuwa akisema nini?